Majina Saba ya Shetani na Mtihani wa Dativa

"Shetani mimi namfahamu kwa majina saba, na hakuna hata moja nililofundishwa kanisani."

Maneno hayo aliyasema Eliakunda Mmbaga kwenye kipaza sauti, sherehe ya Uhuru, Desemba 2005, katika ukumbi wa Columbia Heights ambao Watanzania wa Minneapolis huukodi kila mwaka na kila mwaka huapa hawataukodi tena kwa sababu ya choo. Ratiba ilisema "Nasaha za Wazee". Eliakunda alikuwa na miaka arobaini na saba, umri ambao huku unatosha kukufanya mzee, mradi uje na tai. Alitakiwa kuwaasa vijana wasome. Bahati mbaya mshereheshaji, Hemed, alimkaribisha kwa utani kwamba waliosoma Urusi walirudi na vitu viwili, diploma na matusi, na kwamba diploma haijulikani iliishia wapi. Mtu mwingine angecheka kidogo akaendelea na nasaha. Eliakunda aliamua kutoa ushahidi.

Akahesabu kwa vidole. Wa kwanza, alisema, ni chort. Huyu ni shetani wa matumizi ya kila siku. Kijiko kikianguka, chort. Basi likikupita, chort. Pale ambapo sisi tunasema Mungu ndiye ajuaye, wao husema chort ndiye ajuaye, na mara nyingi wanakuwa karibu zaidi na ukweli. Ni neno la Waslavi wenyewe, hawakuliazima kwa mtu, ila wataalamu wao hawajakubaliana lilianzia wapi: wako wanaosema maana yake ni aliyelaaniwa, na wako wanaosema ni aliyekatwa, kwa kuwa shetani wa kule anachechemea. Wa pili ni bes, mkongwe vilevile, ambaye shina lake ni hofu. Huyu ndiye anayepanda watu kichwani, na ndiye aliyeingizwa kwenye nguruwe katika Biblia yao. Wa tatu ni dyavol, aliyefika na mapadri kutoka kwa Wagiriki. Huyo ana cheo, hatumiki kwa kijiko. Wa nne satana, aliyetoka kwa Wayahudi akapitia Ugiriki, ndugu wa damu wa shetani wetu ambaye yeye alipitia Uarabuni. Hapo Hemed akatikisa kichwa kukubali, utadhani ametajwa ukoo wake. Wa tano lukavi, maana yake mjanja, aliyepinda. Warusi wakisali Baba Yetu humwomba Mungu awaokoe na huyo. Wa sita nechisti, asiye safi. Wa saba, na hapa akashusha sauti, didko, wa Waukraine wa magharibi, neno lililokaa jirani kabisa na neno lao la babu. Wanamwita babu kwa sababu ukimtaja kwa jina lake anaweza kudhani umemwita.

Kisha akawaambia watu warudie. Ukumbi mzima ukasema chort. Watoto wetu, ambao Kiswahili wanakisikia na kujibu kwa Kiingereza, siku hiyo kwa mara ya kwanza walirudia neno la mzee kama lilivyotamkwa, na wakaenda nalo kwenye magari. Wanawake wa kikundi cha maombi hawakurudia. Walikaa na mikoba mapajani, midomo imefungwa, wakahifadhi.

Huyo ndiye Eliakunda. Alizaliwa Usangi, Upareni, mtoto wa fundi cherehani, na mwaka 1979 akapata nafasi ya serikali kwenda Kharkov, Ukraine, enzi za Muungano wa Sovieti, kusomea mitambo ya kilimo. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu. Walimu walimfundisha kusema "kalamu iko juu ya meza". Neno la kwanza la Kirusi alilolielewa bila mwalimu alilisikia kwenye foleni ya viatu, pale ilipotangazwa kwamba viatu vimekwisha. Watu wote walilisema kwa pamoja, kama kiitikio.

Chumbani aliishi na kijana wa Poltava, Mikola, aliyekuwa na gitaa lenye nyuzi nne na imani kamili katika sayansi. Siku ya mtihani wa nguvu za vyuma, mtihani uliokuwa ukiwarudisha watu makwao, Mikola alimshika Eliakunda bega mlangoni akamwambia: "Ni pukha, ni pera." Yaani usipate manyoya, usipate hata unyoya. Eliakunda, mtoto aliyelelewa Kilutheri, akajibu asante. Akafeli vibaya sana. Jioni Mikola alimweka kitako akamweleza kwamba kosa halikuwa kwenye vyuma. Zamani, alisema, mwindaji alipokwenda porini hukumtakia mema, maana wabaya wa porini wangesikia na kumharibia. Ulimtakia asipate mnyama wala ndege. Naye akajibu kwa hasira ya kuigiza: "K chortu." Nenda kwa chort. Pori likasikia watu wawili wanagombana, likawaacha. Wawindaji walipopungua, mila hiyo waliirithi wanafunzi. Asante ni marufuku, maana asante inafichua kwamba ulichotakiwa ni kizuri.

Kuanzia siku hiyo Eliakunda alimtuma Mikola kwa chort kabla ya kila mtihani, na hakufeli tena. Mikola naye alimtuma Eliakunda. Walipomaliza chuo walikuwa wametumana huko mara nyingi kuliko wengi wetu tulivyotumwa dukani.

Diploma, kwa faida ya Hemed, iko Columbia Heights, sebuleni, ghorofa ya pili, juu ya televisheni. Ilitafsiriwa, ikapigwa muhuri, na kila ofisi iliyoiona iliisifu kwa rangi. Baada ya kutengeneza matrekta ya serikali mpaka vipuri vikaisha, na kisha serikali yenyewe ikaacha matrekta, Eliakunda alishinda bahati nasibu ya kuja Amerika mwaka 2000, akaja na mkewe Dativa na binti yao Elinaja. Alipata kazi ya ufundi katika nyumba ya wazee upande wa kaskazini-mashariki ya Minneapolis. Anatengeneza vitanda vya umeme, viti vya magurudumu na zile winchi za kumnyanyulia mgonjwa. Robo ya wazee wa pale ni Waukraine. Walipogundua kwamba fundi mweusi anaelewa wanachosema kitanda kikikwama, wawili waliacha kusema na wengine wote wakaongeza.

Dativa ndiye mwenye akili ya kupanga katika nyumba ile. Mhaya wa Muleba, Mkatoliki wa rozari mkobani, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja. Huku alianza kama msaidizi wa wauguzi: kuogesha, kugeuza, kuinua. Aliinua wanaume wenye uzito wa ng'ombe mpaka mgongo ukaanza kutoa sauti. Akasoma uuguzi akiwa kazini, akamaliza. Kilichobaki ni mtihani wa leseni, ule unaofanywa kwenye kompyuta. Hospitali moja ya upande wa Coon Rapids ilimwahidi nafasi ya muuguzi kamili, ikamwekea mpaka mwisho wa Aprili 2006. Akifaulu, anaandika maelezo na kutoa dawa. Akifeli, anaendelea kuinua, na daktari wa mgongo alishamwambia kwamba kuinua kuna mwisho.

Alifanya mtihani Januari. Asubuhi hiyo jikoni Eliakunda alimshika bega, akasema kwa Kirusi, kwa dhati yote aliyokuwa nayo, "Ni pukha, ni pera." Dativa alidhani ni baraka. "Amina," alijibu. "Asante, mume wangu."

Eliakunda alibaki amesimama na kikombe cha chai. Amina na asante, vyote viwili, kwa pumzi moja. Mikola asingeamini.

Dativa akafeli.

Yeye alilia kidogo, akaosha uso, akafungua tena vitabu. Mumewe alikaa na siri yake kwa muda, anatembea nayo ndani ya nyumba kama mtu aliyemeza mfupa. Mwishowe akamweleza yote, wawindaji, pori, Mikola, nguvu za vyuma. Dativa alisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mwalimu wa darasa la pili.

"Kwa hiyo nilifeli kwa sababu nilikuwa na adabu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema ungenituma kwa shetani kidogo tu. Mara moja."

Dativa akacheka. Kisha akamwangalia usoni, akaona hatanii, akaacha kucheka. Alimwambia, na hapa ninafupisha, kwamba aliolewa kwa ndoa ya kanisa na mtu aliyekuwa na akili timamu, kwamba mtihani wa marudio ni Machi, na kwamba hatamtaja huyo jamaa, kwa jina lolote kati ya hayo saba, siku ambayo anamhitaji Mungu kuliko siku zote.

Kosa lake lilikuwa kulisimulia jambo hilo kama kichekesho kwenye kikundi cha maombi. Kikundi kina Wakenya wawili wenye nguvu. Serah ni muuguzi wa siku nyingi huko Coon Rapids, mtulivu, anaongea kama mtu anayehesabu vidonge. Philister ana gari kubwa la abiria saba na hajawahi kuongea kwa utulivu. Serah alitabasamu. Philister hakutabasamu.

"Sisi tuko hapa tuna-fast," alisema, "halafu bwanako analeta vitu za uchawi? Na juzi Desemba alitufundisha jina ya huyo mtu na mic. Watoto wangu wanaitana hiyo jina kwa sink wakiosha sahani."

Dativa akajaribu kumtetea mumewe, kwamba si uchawi, ni mila za wanafunzi. Philister akasema mila zote zilianza na mwanafunzi. Hakuna aliyeelewa, lakini alivyolisema lilionekana limeandikwa mahali. Ikaamuliwa kwamba wiki ya mtihani kikundi kitafunga, na kwamba Philister mwenyewe ndiye atakayempeleka Dativa, ili mtu asiende kumharibia mlangoni.

Eliakunda naye hakukaa bure. Pale kazini kuna bibi mmoja, Paraska, mwenye miaka tisini na kitanda kinachokwama upande wa miguu. Bibi huyo hukosi kumwona kanisani Jumapili, na Kwaresima yake ni kali kuliko ya Philister: hali nyama, hali maziwa, hali yai. Pia humtaja chort kila saa, isipokuwa mezani na giza likiingia, ambapo hubadilisha na kusema didko, kwa usalama. Haoni mgongano wowote. Chort kwake ni kama mvua. Hakuna anayeiabudu, lakini huwezi kukaa siku nzima bila kuitaja.

Eliakunda akiwa chini ya kitanda akamuuliza kama mtu mwenye dini sana anaweza kujibu kwa didko badala ya chort, iwe laini. Paraska akasema kwa mkutano wa kawaida labda, kwa mtihani hapana. Je, mtu anaweza kujibia moyoni? Hapana, pori halisikii moyo. Je, mume anaweza kujibu kwa niaba ya mke? Bibi akafikiri kidogo, kisha akamuuliza kama mkewe akiumwa tumbo yeye ndiye anayekwenda chooni.

Jioni ya kuamkia mtihani Dativa alikuwa anachambua maharage, Eliakunda akakaa mkabala naye, akachambua pia, vibaya. Alikuwa ameamua kutoongea. Aliyeongea ni Dativa.

"Kaka yangu niliyemfuata," alisema, "kabla yake walikufa wawili. Alipozaliwa yeye wakampa jina ambalo kwa Kihaya ni takataka. Zile za kufagia. Mama anamwogesha, anampaka mafuta, anamwita mbele za watu, we takataka njoo ule. Ili kifo kikipita kisikie kwamba hapa hamna cha maana."

"Akaishi?"

"Yuko Muleba. Ana pikipiki mbili na mdomo."

Eliakunda akachambua harage moja kwa uangalifu mkubwa. "Sasa si ni kitu kilekile?"

"Ni kilekile. Mama alimwita takataka, hakumtaja shetani." Akamnyang'anya sinia. "Na unatupa mazima unaacha mabovu. Kesho nakuomba unyamaze, baba Elinaja. Niahidi."

Akaahidi.

Asubuhi ya mtihani theluji ya Machi ilikuwa inaanguka, ile nzito yenye maji. Gari la Eliakunda lilikataa kuwaka, jambo ambalo Philister alilipokea kama jibu la maombi. Wakapanda lake wote wanne: Philister usukani, Dativa kando yake, nyuma Serah na Eliakunda. Kofia ya Eliakunda ilibaki kwenye gari lililokataa.

Kituo cha mtihani kilikuwa Eden Prairie, kule kwenye maofisi na nyasi zilizokatwa na mtu wa kulipwa, ambako bila gari hufiki, na ukifika hujui ni jengo lipi maana yote ni yaleyale. Kirusi kina msemo wa mahali pa namna hiyo: kwa chort, kwenye vishamba vyake. Yaani mbali kiasi kwamba anayeishi huko ni yeye tu. Msemo huo ulimtoka Eliakunda barabara kuu ilipozidi kurefuka, kwa sauti ya chini, kwa mazoea. Philister akaongeza sauti ya kanda ya kwaya na hakuipunguza mpaka walipoegesha.

Waliposhuka wakashikana mikono kwenye duara, theluji inawaangukia. Philister aliomba. Aliombea macho ya Dativa, vidole vyake, kompyuta, na umeme wa jengo. Akakemea kila roho ya kufeli, roho ya kusahau na, akikaza mkono wa Eliakunda mpaka ukauma, kila roho ya Urusi. Eliakunda akasema amina kwa sauti kuliko wote. Hakuwa na ugomvi na sala. Tatizo lake lilikuwa kwamba sala peke yake, kwa hesabu zake, ilikuwa inamtangaza Dativa hadharani kama mtu anayekwenda kupata kitu kizuri, na kuzunguka eneo lile la maegesho kulikuwa na miti.

Dativa akachukua kitambulisho, akaacha mkoba, akaanza kuelekea mlangoni. Alikuwa na koti lake la kijivu na hatua zake fupi za kuogopa kuteleza. Ahadi ya Eliakunda ilidumu mpaka alipokuwa nusu ya njia.

"Mama Elinaja," aliita. "Usipate manyoya. Usipate hata unyoya."

Alisema kwa Kiswahili, ili kusiwe na kisingizio. Serah akafumba macho. Philister akasema kitu kwa Kijaluo. Dativa hakugeuka. Alifika mlangoni.

Serah akamwambia Eliakunda aingie garini, anajiloanisha. Akajibu kwa heshima kwamba hawezi, hajajibiwa. Akabaki amesimama katikati ya maegesho, mikono mifukoni, theluji inamkaa kwenye upara na haiyeyuki haraka. Hakuonekana kama mtu anayedai. Alionekana kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua limefutwa.

Dativa akaushika mlango, akauvuta, akaangalia nyuma. Kisha akauachia mlango, akarudi kwa hatua zilezile fupi, mpaka alipofika karibu kiasi cha kutolazimika kupaza sauti, maana ni mwalimu na hapendi kelele nje ya madarasa.

"Nenda kwa chort, baba Elinaja," alisema, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia atoe takataka nje.

"Haya," akasema Eliakunda, akaingia garini.

Dativa akageuka, akaenda, mlango ukamfunga ndani.

Kama angekuwa mtu mwingine, neno lile lingepita kama chafya. Lakini Watanzania na Wakenya wote wa pande zile walishafundishwa, kwa kipaza sauti.

"Amesema chort?" Philister akauliza.

"Amesema," Serah akajibu.

"Kwa mlango ya exam."

"Hatua chache kutoka mlangoni."

Philister akawasha gari, akalihamisha, akaliegesha upande wa pili wa jengo, kwa maelezo kwamba pale pa kwanza pameshachafuka. Kisha akaanza sala upya kuanzia macho. Walipofika amina aligeuka nyuma.

"Wewe umetumwa kwa shetani," alimwambia Eliakunda. "Mbona bado uko kwa gari yangu?"

Eliakunda akaeleza kwamba hakuna anayekwenda kweli, kwamba katika miaka yake yote ya Kharkov hakuna mwanafunzi aliyefika. Philister akasema basi hata hao wa Urusi ni waongo. Serah, ambaye hakuwa amekula tangu juzi, aliuliza taratibu kama kuna mtu mwenye pipi, kisha akakumbuka amefunga, akaomba radhi kwa wote.

Mtihani ule unaruhusiwa kuchukua muda mrefu sana. Kompyuta inauliza, inapima, inauliza tena, na ikishajiridhisha kwamba unajua au kwamba hujui, inazima. Haikuambii imejiridhisha na lipi. Dativa alitoka mapema kuliko walivyotarajia. Alikuja anatembea, akapanda, akafunga mkanda, akaweka mikono mapajani.

"Imezima kwenye namba sabini na tano."

Sabini na tano ndiyo idadi ya chini kabisa. Inazimia hapo kwa watu wa aina mbili, wanaojua sana na wasiojua kitu. Serah, aliyeijua habari hiyo vizuri kuliko wote, alitazama dirishani. Dativa akaanza kulia bila sauti, na Eliakunda kutoka nyuma akamwekea mkono begani, bega lilelile, na mara hii hakusema kitu kwa lugha yoyote. Njia nzima kurudi Columbia Heights kwaya iliimba peke yake.

Kwa jirani zao wa jengo walionekana kama watu waliofiwa. Dativa alikwenda kazini kuinua. Alirudi, akapika, akaulizwa na Elinaja kama amefaulu, kwa Kiingereza, akajibu kwa Kihaya, lugha ambayo hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyeielewa. Mgongo ulimsumbua siku zile mbili za kusubiri majibu kuliko kawaida, na alikuwa anakaa kwa awamu.

Siku ambayo majibu yangeweza kuonekana kwenye mtandao Serah na Philister walifika na chapati zilizofungwa kwa taulo. Kila upande ulikuja na maelezo yaliyokwisha kuandaliwa. Akifaulu, alisema Philister, ni mfungo. Akifeli, ni lile neno. Eliakunda akasema akifaulu ni lile neno, na akifeli ni ile asante ya Januari, kwa maana inawezekana haijaisha nguvu. Serah akapendekeza wangoje kwanza wajue. Philister akamgeukia Dativa, aliyekuwa anawasha kompyuta kwenye meza ya chakula, akamtaka aseme kinagaubaga mbele ya wote: alipotamka jina lile alikuwa na imani nalo au hakuwa nayo?

"Alikuwa amesimama kwenye theluji bila kofia," Dativa akasema bila kuinua macho. "Nisingemjibu asingeondoka. Angeugua, na wa kumuuguza ni nani kama si mimi?"

Eliakunda akaonekana kutaka kusema kwamba katika mila ile nia si lazima, kinachohesabiwa ni kutamka, lakini Serah alimtazama kwa namna ya muuguzi wa zamu, akameza.

Dativa akaandika jina lake, akaandika namba ya kadi ya benki, akaihakiki mara mbili. Mtambo ukafikiri. Kisha akasoma kilichotokea kwenye kioo, akakisoma tena, kidole chini ya neno, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa darasa la pili.

"Nimefaulu," alisema.

Akajishika kiuno kwa mikono miwili, akanyooka polepole, akaenda jikoni kupunguza moto chini ya maharage. Nyuma yake ugomvi ukaanza hapohapo, mfungo huku, chort kule, Philister akiwa na chapati mkononi, na Eliakunda akitaja nguvu za vyuma kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Alipoitwa aamue, Dativa alisema kwamba anatafuta chumvi.

Matokeo rasmi yanakuja kwa posta, ukisubiri. Ukitaka kujua mapema, kwa mtandao, ni dola saba na senti tisini na tano.